Kamati Iliyopigia Kura Faili

Mchumba wangu alinipa onyo moja tu kabla sijaondoka Kitale: nisibishane na baba yake. Nilikuwa tayari nimeketi kwenye pikapu ya ofisi, injini inanguruma, nikamjibu kwamba mimi sibishani na watu, watu ndio hubishana na mimi. Akanitazama kwa ule upole wake unaoniudhi.

"Ona sasa," akasema, "umeshaanza."

Mpango ulikuwa wake. Baba yake alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa upande wa Bungoma, na ushirika huo ulikuwa mteja wa kampuni yetu ndogo ya intaneti, ambako mimi ni fundi wa mitambo. Mzee alikuwa hajawahi kuniona. Alijua tu kwamba kijana wake ana msichana huko Kitale, na habari hizo hazikumfurahisha, kwa kuwa yeye alishamtafutia mwingine: mwalimu, mpole, mwimbaji wa kwaya. Kwa hiyo mchumba wangu akapiga hesabu zake. Niende kama fundi, nifanye kazi safi, niwe mtamu kuanzia salamu hadi kwaheri, mzee anipende bila kujua ni nani anayempenda. Akishasema kwa mdomo wake kwamba yule msichana ni mzuri, ndipo aambiwe.

"Na asiponipenda?" nikauliza.

Hapo akaanza kuchunguza tairi la pikapu. Hakuwa na mpango wa pili. Mchumba wangu hajawahi kumkatalia mtu jambo lolote tangu azaliwe, hata wachuuzi wa barabarani, sembuse baba yake mzazi. Mzee akisema hapana, itakuwa hapana, na mimi nitabaki Kitale na hasira zangu. Nami nilimtaka mtu huyu. Nasema wazi ili msomaji asidhani nilikwenda Bungoma kwa mzaha: nilimtaka kwa dhati, pamoja na upole wake wote.

Labda nieleze kwanza ninachofanya, maana hata mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi chini ya ofisi yetu, ambaye hupanda ngazi kila asubuhi kuuliza kama mtandao umeamka, anaamini kazi yangu ni kupanda milingoti. Sipandi milingoti. Mimi ninashughulika na ruta, yaani vile visanduku vyenye taa ndogo ndogo vinavyoamua habari za kwenye mtandao ziende wapi. Ndani ya ruta mna mfumo endeshi, kama ule wa kwenye simu yako, na mfumo huo wote ni faili moja kubwa. Faili ikiwa nzima, ruta inawaka na kila mtu ananisahau. Ikiwa na kasoro, hata ya herufi moja, ruta inaweza kukataa kuamka kabisa, na hapo ndipo watu wote hukumbuka namba yangu.

Ndiyo maana huwa sibadilishi mfumo bila kuhakiki. Anayetengeneza faili huitoa pamoja na msururu mrefu wa herufi na tarakimu, ambao ni alama ya faili hiyo na si nyingine. Ukishaiweka faili kwenye ruta, unaiambia ruta iisome yote tangu mwanzo hadi mwisho na itoe msururu wake. Kisha unalinganisha. Ikifanana, endelea. Isipofanana, simama. Hakuna cha karibu, hakuna cha inatosha. Wengine husema kazi hii ndiyo iliyonifanya niwe mkali. Mama yangu anasema hapana, ilinikuta hivyo hivyo.

Siku hiyo ilikuwa siku ya soko Chwele, na barabara ilikuwa imejaa watu ambao hawakuwa na habari kwamba mimi ninajaribu kuwa mpole. Kufikia sokoni nilikuwa nimemtukana mwendesha bodaboda aliyebeba mbuzi wawili na godoro, nikamwomba msamaha kwa mazoezi, kisha nikamtukana tena kwa sababu aliusikia msamaha akadhani ninamchekea. Nilifika kwenye ushirika nikiwa nimejaa vumbi, na tabasamu nimelibandika usoni kwa nguvu.

Nilitarajia kumkuta karani mmoja mwenye funguo. Nilimkuta karani, naam, lakini nyuma yake ilikuwa imeketi kamati nzima. Mwenyekiti kwenye kiti cha mikono, mrefu, kofia imewekwa sawa sawa. Makamu wake, mzee wa kanisa, ndani ya suti ya kijivu. Katibu na kalamu zake mfukoni. Mweka hazina, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambaye akisisimka l na r zake hubadilishana viti. Na wajumbe wengine waliojipanga kwenye benchi. Wote kwa ajili ya kazi ambayo kwa kawaida naifanya peke yangu huku nikila karanga. Nikajiambia, hawa leo hawana la kufanya, ng'ombe wamekamuliwa.

"Fundi," akasema mwenyekiti baada ya salamu, "hapa kwetu hakuna kitu inafanywa hivi hivi. Tunaanza na maombi, halafu tunaenda na ajenda."

Makamu akaomba. Aliombea mvua, akaombea nyasi, akaombea viongozi, kisha akafika kwangu. "Na hii mashini, Bwana, uingie mwenyewe ndani yake, uguse kila waya." Mimi nikaitika amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilikuwa naanza vizuri.

Ruta yenyewe ilikuwa kwenye stoo ya vyakula vya mifugo, juu ya rafu, kati ya chumvi ya ng'ombe na dawa ya kupe. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma cha rangi ya waridi, chenye pindo la maua. Nilikitoa. Ruta ilikuwa ya moto kiasi cha kuchemsha yai.

"Hiyo nimefuma mwenyewe," akasema mweka hazina.

"Ni kizuri sana, mama," nikasema. "Ila ruta inahitaji kupumua."

"Vumbi je?"

Nikakikunja vizuri nikakiweka kando. Nilipogeuka kuchukua waya wangu, kilikuwa kimerudi. Nikakitoa tena nikitabasamu. Mchezo huo tuliucheza siku nzima, yeye na mimi, na isipokuwa mara moja tu, sikumwona akikirudisha.

Tatizo la ruta yao lilikuwa hili: kila asubuhi, wakati wa kupokea maziwa, mzani unaotuma kilo za kila mkulima kwenye kompyuta ulikuwa unakwama, kwa sababu ruta ilikuwa inajizima na kujiwasha ovyo. Mfumo wake ulikuwa wa kizamani. Dawa ilikuwa kuiwekea mfumo mpya. Nikaunganisha kompyuta yangu, nikaandika amri ya kuorodhesha faili zote zilizomo. Kamati ikainama nyuma yangu kwa pamoja, nikahisi pumzi zao za chai shingoni.

"Hizo ndizo nini?" akauliza mwenyekiti.

"Ni faili za mfumo, mzee. Naangalia kilichomo kabla sijaongeza kitu."

"Soma tusikie. Katibu, andika."

Nikasoma. Kulikuwa na mfumo unaotumika. Kulikuwa na mfumo mwingine wa zamani zaidi, uliokaa tu hapo bila kazi. Halafu kulikuwa na faili alizoziacha fundi aliyenitangulia, ambaye simjui lakini nilianza kumfahamu: moja aliita "mpya", nyingine "mpya-kabisa", nyingine "usiguse", na ya mwisho "usiguse-nimesema". Katibu aliziandika zote kwenye kumbukumbu za mkutano na kuzipigia mstari.

"Nafasi imejaa," nikaeleza. "Lazima nifute moja. Huu mfumo wa zamani zaidi hautumiki."

Mweka hazina akasimama. "Mwenyekiti, naomba kuongea. Hizo fairi ni mari ya ushirika. Mari ya ushirika haifutwi bira mkutano mkuu."

"Mama, ni faili tu. Haina kazi," nikasema, bado kwa sauti ya kwaya.

"Hata trekta letu halina kazi," akasema mjumbe mmoja wa benchi, "na hatujalifuta."

Wakajadiliana. Nilikunywa chai yote niliyopewa, ambayo ilikuwa maziwa matupu yaliyoonyeshwa majani kwa mbali, nikaongezewa nyingine. Mwishowe mjumbe akapendekeza faili ya zamani iondolewe, mwingine akaunga mkono, mikono ikahesabiwa, mweka hazina akaomba iandikwe kwamba yeye alipinga. Nilipobonyeza, makamu akavua kofia. "Imetutumikia," akasema. Zile za "usiguse" kamati iliamua zisiguswe, kwa heshima ya aliyeziandika.

Nafasi ikapatikana. Nikatoa flashi yangu mfukoni. Ilikuwa nyekundu, ina umbo la moyo, zawadi kutoka kwa mchumba wangu, na nikaichomeka nikiomba mzee asitazame sana ule moyo. Mfumo mpya ulikuwa ndani yake. Niliuhakiki asubuhi kwenye kompyuta ya ofisi, ukatoka safi, ndipo nikaunakili kwenye flashi. Sasa nikaunakili kutoka kwenye flashi hadi kwenye ruta. Kazi ikaisha bila lalamiko. Nikaorodhesha faili tena, katibu akalinganisha ukubwa na ule niliompa kwenye karatasi, akapiga makofi.

"Imelingana! Hata nambari ya mwisho!"

"Bado," nikasema. "Huo ni ukubwa tu. Sasa nahakiki."

Nikaiamuru ruta ihakiki. Vidoti vikaanza kutembea kwenye skrini, kimoja kimoja, mstari hadi mstari. Kamati ikavitazama kwa umakini ule ule wa kutazama mpira. Mwenyekiti akauliza vinaenda wapi. Nikamwambia haviendi popote, ruta inasoma. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, maana alionekana mtu anayeheshimu kusoma. Kisha vidoti vikakoma, msururu ukatokea, nikaulinganisha na wa mtengenezaji, ulioandikwa kwenye karatasi ile ile.

Haukufanana. Haukufanana hata kidogo. Nikarudia yote kutoka mwanzo, vidoti vikatembea tena, msururu ule ule mbovu ukatoka.

"Faili imeharibika," nikasema. "Hii siwezi kuiwasha."

Mwenyekiti akaichukua karatasi ya katibu, akaisoma. "Lakini ukubwa ni ile ile."

"Ndiyo, mzee."

"Na imeingia yote."

"Imeingia yote, lakini ndani si yenyewe."

"Kesho asubuhi watu wanaleta maziwa. Si uweke tu hii tuone?"

"Ikikataa kuamka, mzee, hamtakuwa na ruta kabisa. Hiyo kesho mtapima kwa macho."

Katibu akainua kalamu. "Mwenyekiti, naona fundi ana maoni yake, na sisi tuna maoni yetu. Si tupige kura?"

Nilidhani anatania. Nikacheka, peke yangu. Mjumbe wa benchi akasimama akapendekeza kwamba faili hiyo itambuliwe kuwa nzima. Makamu akaunga mkono. Mwenyekiti akauliza wanaokubali, mikono ikapanda benchi zima, mweka hazina akainua miwili. Wanaopinga? Hakuna. Katibu akaandika, huku akitamka kila neno: "Kamati imeazimia kwamba faili ni nzima."

"Haya," akasema mwenyekiti, akinitazama moja kwa moja. "Kamati imeamua. Weka, fundi."

Msomaji, nilijaribu. Mungu ni shahidi. Nilifikiria harusi, nikafikiria yule mwalimu wa kwaya, nikafikiria mchumba wangu anavyochunguza tairi. Nilifungua mdomo niseme sawa mzee. Na nilipoufungua nikaona jina la ile faili kwenye skrini na chini yake ule msururu, mbovu, mbovu kabisa, na watu wazima wenye suti wakiusubiri uwe mzuri kwa sababu waliinua mikono.

"Hapana," nikasema.

"Ati?"

"Hapana, mzee. Hata mkipiga kura mpaka jioni, faili imeoza. Haijui kama mmekutana. Haisomi kumbukumbu zenu! Nyinyi hapo mlangoni mna kile kioo mnachotumbukiza kwenye maziwa kuona kama yametiwa maji, sivyo? Mkulima akileta debe limejaa, kilo zimetimia, na kioo kikisema ni maji, mnafanya nini? Mnakaa chini mnapiga kura?"

Halafu katibu, kwa uaminifu wa mtu aliyezoea kuandika kila kitu, akasema:

"Saa zingine."

Mwenyekiti akageuka polepole. "Saa zingine?"

"Ni ile wiki ulienda kliniki, mwenyekiti. Ilikuwa maziwa ya makamu."

Makamu akavaa kofia yake. "Ng'ombe alikuwa amekunywa maji mengi," akasema.

"Ikapita?" akauliza mwenyekiti.

"Kwa wingi," akasema katibu.

Mweka hazina akaifunika ruta kwa kile kitambaa mbele ya macho yetu sote, na hakuna aliyemzuia. Mimi nilikuwa nimesimama na waya mkononi nikijua kwamba nimemfokea baba mkwe mbele ya kamati yake, na juu ya hayo nimemvunjia urafiki na makamu wake. Nikaanza kupanga jinsi nitakavyomwambia mchumba wangu, na kila sentensi niliyoipanga ilianza na neno samahani, ambalo silijui vizuri.

Mwenyekiti akarudi kwangu. Hakuwa amekasirika usoni. Alikuwa na uso wa mtu anayesoma. "Hiyo faili imeharibikia wapi?"

"Kwenye flashi, mzee. Ofisini ilikuwa safi. Hizi flashi nyingine ni za bandia. Zinasema zina nafasi ya ghala, kumbe ndani ni kabati. Ukizijaza zinapokea tu bila kulalamika, halafu zinaandika takataka."

"Ulinunua wapi?"

"Nilipewa."

"Na nani?"

Hapo ndipo ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema ni ya ofisi. Lakini nilikuwa nimetoka kuwapigia watu kelele kuhusu vitu vinavyosema ni hivi kumbe ni vile, na sikuwa na uso wa kuanza uongo wangu.

"Na mchumba wangu."

Akaichukua, akaugeuza ule moyo mwekundu vidoleni. "Huyo mchumba wako," akasema taratibu, "ana akili kweli?"

Wajumbe wa benchi wakatazama viatu vyao. Alikuwa anamsema mwanawe mwenyewe na hajui, na mimi ndiye niliyetakiwa kumtetea kijana mbele ya baba yake bila kumtaja.

"Ana moyo mzuri, mzee. Muuzaji alimwambia ni flashi nzuri, akamwamini. Yeye huamini watu. Mimi ndiye ninayehakiki. Tunasaidiana hivyo."

"Hm," akasema mwenyekiti. "Leta faili ingine."

Ruta yao ingejizima katikati ya kazi, na simu yangu ilishika mtandao vizuri mahali pamoja tu, kando ya tangi la maji, kwa hiyo nikakaa pale juu ya ndoo iliyopinduliwa, kompyuta magotini, nikiivuta faili upya kutoka kwenye kompyuta ya ofisini Kitale. Ilikuja kwa mwendo wa mjamzito. Ndama mmoja alikuja kulamba kiwiko changu. Mwenyekiti aliagiza kiti, akakaa karibu nami. Nami nikatulia tuli, si kwa upole bali kwa sababu nilikuwa nimeishiwa. Nilimtazama kwa pembeni nikaona ana masikio ya mchumba wangu, yale yale yanayochomoza, nikataka kulia na kucheka.

Faili ilipofika tuliingia stoo tena. Nikainakili kwenye ruta kwa waya, juu ya ile mbovu, vidoti vikatembea, msururu ukatoka. Kabla sijalinganisha, mwenyekiti akanyoosha mkono.

"Tusome pamoja. Katibu, wewe shika ile ya karatasi. Fundi asome ya kwenye mashini. Kila herufi, katibu ajibu."

Nikasoma herufi ya kwanza. "Iko!" akajibu katibu. Nikasoma ya pili. "Iko!" Kufikia katikati benchi zima lilikuwa linaitika pamoja naye, "Iko!", kama darasa, na mweka hazina akipiga makofi kwa kila tarakimu. Makamu akakohoa.

"Anza upya," akaamuru mwenyekiti. "Hapo katikati sikusikia."

Tukaanza upya. Iko, iko, iko, mpaka herufi ya mwisho. Ilifanana yote. Nikasema, "Hii ni nzima," na stoo ikalipuka kwa shangwe ambayo sijawahi kupewa kwa kazi yoyote, hata zile zilizookoa watu. Nikaiambia ruta iache mfumo wa zamani ishike huu mpya, nikaizima, taa zote zikafa.

Kuna kipindi ruta inapoamka ambapo huwezi kufanya lolote. Unakaa tu. Nimekaa mara nyingi katika kipindi hicho maishani, na kila mara huwa najuta kuchagua kazi hii. Makamu akaanza kuomba chini kwa chini, na safari hii sikumcheka hata moyoni. Kisha taa moja ikawaka, ikafuatwa na nyingine, zote zikageuka kijani. Karani akakimbia kwenye mzani, akaweka debe tupu, akapiga kelele kutoka nje kwamba kompyuta imeliona.

Nilianza kukusanya waya zangu. Nilitaka kuondoka kabla mtu hajakumbuka nilivyofoka. Lakini mwenyekiti akagonga rafu kwa kidole.

"Bado hatujafunga. Katibu, kimebaki nini?"

"Mengineyo," akasema katibu.

Mweka hazina akasimama, akalivuta gauni lake chini. "Mwenyekiti, mimi naomba tuache kujifanya. Watu wameacha kazi zao tangu asubuhi, na si kwa sababu ya mashini. Tumekuja kuona msichana. Tumemwona. Sasa tuseme."

Waya zikaniponyoka mkononi. Nikatazama benchi, wote walikuwa wananichekea. Nikamtazama mwenyekiti, na yeye alikuwa anatazama dari.

"Mlijua?"

"Kijana alimwambia mama yake kila kitu siku ile ile mlipanga," akasema mwenyekiti. "Mama yake akimwuliza kitu, yeye hawezi kukataa kujibu. Unamjua."

Nilimjua. Nikafikiria jinsi nitakavyomshughulikia nikifika Kitale, lakini fikra hiyo haikwenda mbali. Kumbe tangu salamu ya kwanza nilikuwa natazamwa. Suti ile ya kijivu ilikuwa kwa ajili yangu. Lile swali kuhusu akili za mchumba wangu liliulizwa na mtu aliyejua anamuuliza nani, juu ya nani.

"Napendekeza tumpokee," akasema mjumbe wa benchi.

"Naunga mkono," akasema mweka hazina, na mikono ikaanza kupanda, yake miwili ikiwa ya kwanza.

"Shusheni mikono," akasema mwenyekiti.

Ikashuka. Nikafikiri, basi, ndiyo hii. Nimesema hapana kwake mbele ya watu, na sasa ananirudishia hapana yangu mbele ya watu hao hao.

"Hii haipigiwi kura," akasema. "Nyinyi mlipitisha maziwa ya maji. Leo mkapitisha faili mbovu. Sasa mkimpitisha huyu, mimi nitajuaje kama ni mzuri?"

Akavua kofia yake, akaiweka juu ya rafu.

"Mimi nimemwangalia mwenyewe. Nilimsukuma, akakataa. Nikamtukania mtu wake, hakumtupa. Mimi nimetosheka." Kisha akanigeukia, na sauti ikawa ya nyumbani, si ya mkutano. "Mama yake amepika tangu asubuhi, atatuua wote chakula kikipoa. Twende, mwanangu."

Nililia pale pale, fundi mzima, kwa sauti, kati ya chumvi ya ng'ombe na dawa ya kupe, na katika kamati yote ile hakuna aliyependekeza ninyamaze.